Mama aliyesalimu saa nane

Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa nne, tulijua kuna mtu amekufa kabla hatujaambiwa. Kutoka nyuma ya madarasa yetu unaona ufuo wote, na saa ile, jua likiwa limeshapanda, bamama wa kuanika huwa wameinama safu nzima wakigeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mchanga. Siku hiyo walikuwa wamesimama wima, mikono kichwani, na ndagala wamelala upande ule ule walioanikwa asubuhi. Mwanafunzi mmoja wa darasa la chini alikimbia mpaka ufuoni, akarudi akihema: "Mama Saa Nane amekufa kule hospitali. Banaleta mwili leo." Hakuna aliyemuuliza ni mama yupi. Mtaa wote ulimjua kwa jina hilo la utani, na hilo ndilo nitakalotumia hapa, maana nyinyi mnaosimama mbele ya ubao huu wa shule kila Ijumaa mnajua kwamba mimi sitaji jina la mtu, hata la kwangu siliandiki chini.

Niseme ukweli tangu mwanzo. Makala ya wiki hii haikukusudiwa iwe ya msiba. Prefe, mkuu wa shule yetu, alitaka sisi tunaoandika kwenye ubao tuzungumzie namna ya kutumia wakati vizuri kazini, kwa sababu wakubwa wetu wa mwaka wa sita wanakaribia mtihani wa serikali na bado wanaonekana sokoni mchana kutwa. Wenzangu walichagua kuandika juu ya ratiba ya masomo. Mimi nilimchagua Mama Saa Nane, maana sikumjua mtu mwingine hapa Baraka aliyepanga siku yake kama mtu anayepanga sahani kabatini, na hakuwa na mkubwa wa kazi, hakuwa na kengele, hakuwa hata na saa ya mkononi. Nilikuwa nimeshaandika maswali yangu kwenye kaye, daftari langu. Nilikuwa nangoja nipate ujasiri wa kumwendea. Sasa maswali yako pale, majibu sina, na ninachoweza kuwaandikia ni yale tu niliyoyaona kwa macho, pamoja na jambo moja nililoliona na sikulisema.

Kwa wasomaji ambao hawatoki ufuoni, na najua wengine wenu ni wa Kilembwe, kule wanakojua muhogo kuliko samaki, kazi ya kuanika ina ukali wake. Mitumbwi inarudi alfajiri. Ndagala akishatoka majini hamngoji mtu: lazima aoshwe, atandazwe kabla mchanga haujawaka, ageuzwe kabla hajajikunja, aokotwe kabla mawingu ya mchana hayajashuka kutoka milimani. Ukichelewa kutandaza, wanashikana kama ugali. Ukichelewa kugeuza, wanavunjika, na ndagala aliyevunjika hafiki mbali. Kila mama wa ufuo anajua haya. Kinachowapotezea wakati si uvivu, ni salamu. Mnazijua salamu zetu. Mtu hapiti. Anasimama, anauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, mzee ameamkaje, yule aliyekuwa na homa amefikia wapi, shamba linasemaje, na wewe lazima uache kazi, ujinyooshe, ujibu moja moja, kisha uanze kumuuliza yeye. Kumkatisha mtu salamu ni kumwambia kwamba yeye si mtu. Na njia ya kwenda soko inapita katikati kabisa ya uwanja wa kuanika, kwa hiyo kila asubuhi nusu ya mtaa inasimama pale kuisalimu nusu nyingine, na jua halisimami nao.

Yeye alipata dawa ambayo sijaiona kwa mwingine. Tangu jua linapotoka mpaka saa saba, ukimsalimu aliinua kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa vimejaa samaki, akatabasamu, akasema: "Saa nane!" Basi. Akarudi kuinama. Lakini alikukumbuka. Saa nane, ndagala wakiwa kwenye magunia, alioga, akavaa kitenge kisafi na ndala zake za njano, akatoka kupita nyumba kwa nyumba, kwa wote aliowaambia neno lile asubuhi. Sikusikia hata siku moja kwamba alimruka mtu. Akifika alikaa, akaweka mikono mapajani, akasema, "Haya, sasa tusalimiane." Na hapo alikupa salamu nzima, hakuharakisha, hakutazama nje, kama mtu ambaye ameinuka kitandani siku hiyo kwa ajili yako peke yako.

Mwanzoni si wote waliompenda kwa hilo. Kuna mzee mmoja wa kanisa, mtu wa fimbo na koti hata kukiwa na jua kali. Asubuhi moja nilikuwa nangoja mama yangu pale ufuoni, akaja, akasimama mbele ya Mama Saa Nane katikati ya kutandaza.

"Mama, jambo. Muliamuka?"

"Saa nane, muzee!"

"Saa nane ya nini? Mi nakuuliza kama muliamuka."

"Tuliamuka, muzee. Ile ingine yote, saa nane."

"Angalia huyu!" Mzee aligeuka kwa bamama wengine awape ushahidi. "Mi muntu muzima, ananipatia randevu kama niko kwa biro ya serikali!"

"Chukua namba, muzee!" mmoja alipiga kelele kutoka mwisho wa safu. "Uko wa kumi na ine!"

Walicheka mpaka wakaangusha mabeseni. Mzee aliondoka akiuchapa mchanga kwa fimbo, na kabla ya mchana maneno yalikuwa yameshafika kwaya, kwamba kuna mama mmoja ufuoni ndagala wamempandisha kichwa. Saa nane Mama Saa Nane alifika kwake na kigoda chake mwenyewe. Nilihadithiwa na mjukuu wa mzee, ambaye tunasoma naye. Alimuuliza mzee juu ya magoti yake, goti la kulia peke yake na la kushoto peke yake. Alimuuliza juu ya binti yake aliyeolewa Mboko, na watoto wa binti huyo kwa majina, na mbuzi, na ukuta uliopasuka, na ndoto aliyoiota mwaka jana. Jua likaanza kuelekea kule linakolala. Mwishowe mzee mwenyewe ndiye aliyesimama.

"Mama, unisamehe. Mi niko na kazi."

"Kazi gani, muzee? Salamu haiyaisha. Hauyaniambia bado habari ya ile mbuzi ya madoa."

"Mama, kazi! Siku yote itaniishia hapa!"

"Aa," alisema, akachukua kigoda chake. "Sasa tunasikilizana."

Tangu hapo, mzee akipita ufuoni asubuhi, yeye ndiye aliyetangulia kuinua kiwiko.

Jambo jingine niliandika kwenye kaye siku ile ile nililoliona, kwa sababu sikutaka lipotee. Siku ambazo njia ilikuwa bado inapitika, alikuwa akishuka mama mmoja kutoka Bibokoboko, kule milimani, wa wale watu wa ng'ombe, na jerikani la maziwa kichwani, na alirudi na ndagala wakavu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alisimama pembeni kidogo, kama mimi ninavyosimama mahali penye watu. Wakati wa kuuza, Mama Saa Nane alimwita wa kwanza kila mara, hata kama wengine walikuwa pale mapema. Siku hiyo mmoja alikataa: "Ju ya nini huyu kila siku wa kwanza? Sisi tuko hapa tangu asubuhi." Mama Saa Nane hakupandisha sauti. "We nyumba yako iko pale, minaona moshi ya jiko yako. Huyu ya kwake iko juu ya mulima. Jua yake inaisha mbele ya jua yako." Katika miaka hii, ambapo watu wa juu na watu wa chini wanatazamana kwa mashaka na njia inafungwa bila kutangazwa, sijasikia hotuba iliyonikaa kichwani kama maneno yale ya mtu aliyekuwa amepiga magoti mchangani akipima ndagala. Shuleni tunafundishwa kwamba siku ina saa ishirini na nne kwa kila mtu. Yeye alijua kwamba mtu wa mbali anazo chache, na kwamba kupanga wakati wako vizuri ni pamoja na kutomalizia mwenzako wa kwake.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Wavuvi wetu wanavua kwa taa, na samaki anaifuata taa kukiwa na giza tu. Mwezi ukishakuwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, taa haina maana, na mitumbwi inavutwa nchi kavu kwa siku kadhaa. Siku hizo tunaziita mbalamwezi, na ndizo mapumziko pekee ya mtaa wetu. Kwa hiyo kila kitu ambacho si samaki tunakisukuma kule. Paa linavuja? Mbalamwezi. Kupeleka posa? Mbalamwezi. Ugomvi wa mpaka wa shamba, jino linalouma, mtoto wa kupeleka chanjo, ndugu wa kwenda kumwona Mboko? Mbalamwezi, mbalamwezi, mbalamwezi. Hata mama yangu, ambaye hauzi samaki, akiombwa kitu anajibu hivyo hivyo. Wazee wanasema zamani siku hizo zilikuwa nyingi na watu walizimaliza wakiwa wamenenepa. Lakini samaki wamepungua, na wanaume sasa wanaingia majini hata mwezi haujaisha vizuri, wakitafuta kidogo walichokosa. Gunia limekuwa dogo, na sisi bado tunalishindilia mzigo ule ule wa babu zetu. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tumezaliwa tumekuta mambo yako hivyo.

Mimi ni mtu wa kutazama chini. Wanaonijua wanalijua hilo, wasionijua nawaambia: nikikutana na mtu njiani, macho yangu yanafika magotini na kuishia pale. Kwa sababu hiyo ninawajua watu wa mtaa kwa miguu yao, na pengine ndiyo maana niliona mapema. Wakati mvua zilipokuwa zimekolea, Mama Saa Nane alikanyaga kifuniko cha kopo kilichofukiwa mchangani. Alifunga kitambaa cha kitenge chakavu, cha buluu, akaendelea. Wiki iliyofuata kitambaa kilikuwa bado kipo. Wiki ya baadaye ndala ya njano ya mguu wa kushoto ilikuwa imekatwa kamba ya upande mmoja ili mguu uingie. Kisha niliona anakanyaga kwa ukingo, na nzi walimfuata yeye wakaacha ndagala. Yote hayo yako kwenye kaye yangu, siku kwa siku, kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nimesoma katika somo la biolojia kuhusu vidonda visivyopona. Nilijua kwamba kidonda kinachonuka na hakiumi si kidonda cha kungojea. Na nilikuwa nimemsikia akiwaambia wenzake kwa furaha, "Hata hainiumi!"

Basi asubuhi moja, nikienda masomo, niliacha njia, nikashuka mpaka alipokuwa ameinama. Nikasema, "Mama, mimi nilikuwa..." na macho yangu yalikuwa kwenye kile kitambaa. Hakusikia mwisho. Aliinua kiwiko, akanitabasamu. "Saa nane, mutoto yangu!" Mitumbwi mitatu ilikuwa imefika pamoja, bamama walikuwa wanakimbizana na mabeseni. Nikaenda zangu, na nitakubali mbele yenu kwamba nilienda nikiwa mwepesi, kama mwanafunzi aliyeambiwa jaribio limeahirishwa.

Saa nane alikuja. Mnajua kwamba alikuja, yeye hakuwa mtu wa kusahau. Nyumbani walikuwepo mama yangu na majirani wawili wakimenya muhogo, na nilikuwa nimejificha nyuma ya kitabu. Alikaa, akanyoosha ule mguu mbele yake, akaniita kwa sauti ya kawaida: "Asubuhi ulikuwa na neno. Nimekuya kulisikiliza." Wote waliacha kumenya, wakanigeukia. Macho sita ya bamama, na ya kwake mawili, yananingoja mimi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Nilisema: "Hapana, mama. Nilitaka kukusalimu tu."

"Ee, huyu mutoto!" alicheka jirani mmoja. "Ametoka njia ya masomo ju ya kusalimu!"

"Wacheni," alisema Mama Saa Nane. "Salamu ni kitu. Haya, tusalimiane." Akaniuliza nimeamkaje. Akaniuliza juu ya masomo, ni somo gani linanishinda, nani ananisumbua darasani, kama bado naandika kwenye ubao. Alinipa muda wote ambao mtu mzima hajawahi kunipa. Nilijibu moja moja, nikiangalia kidonda. Alipoinuka kwenda, mama yangu ndiye aliyeuliza: "Na ile mukuu, mama? Haiyapona?" (Mama yangu anasema mukuu, mguu, kama wanavyosema kwao.) "Mbalamwezi ikifika nitaenda disipanseri," alijibu. "Ni siku tisa tu." Na mama yangu akasema, "Ndiyo, mbalamwezi ni karibu," na majirani wakaitikia, na wakarudi kumenya muhogo, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Jibu ambalo kila mmoja wetu angetoa.

Mbalamwezi ilifika. Siku ya kwanza kulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yake, iliyokuwa imesukumwa kutoka mbalamwezi ya nyuma. Siku ya pili walikuja kumsaidia kuezeka jiko, na huwezi kuwaacha watu waliokuja kukufanyia kazi. Kisha likaja neno kwamba shangazi yake amefariki Kilembwe, akapanda pikipiki na mguu wake, akakaa kilioni siku tatu. Aliporudi alikuta wanaume wameshawasha taa zao, wamerudi majini, na kesho yake ndagala walikuwa mchangani. Katika siku alizoziweka pembeni, kila mtu alipata sehemu yake. Yeye mwenyewe, ambaye alijua kugawanya asubuhi moja ikatosha kazi ya watu wanne, hakubakiwa hata na nusu saa ya kukaa kwenye benchi la disipanseri. Sitaki msome hapa kwamba hakujua kupanga. Alijua kuliko sisi wote. Ila mpango wake ulikuwa na nafasi ya samaki, ya mzee, ya mama wa Bibokoboko, hata ya binti mwenye haya anayetaka kusalimu, na nafasi ya mwili wake aliiweka mwisho, kwenye mbalamwezi, mahali ambapo kila mtu anasukumia mzigo.

Siku nne baadaye alianguka kati ya kutandaza na kugeuza. Hospitali walisema ni ugonjwa wa sukari, wa muda mrefu, ambao hakujua anao, na ndio uliokuwa umeuua mguu hata usisikie maumivu. Walitaka kuukata. Alikubali, lakini sumu ilikuwa imeshapanda kwenye damu. Binti yake mkubwa, aliyekaa naye kule, anasema kwamba jambo la mwisho alilomtuma lilikuwa kupita kwa watu wanne. Siku aliyoanguka alikuwa ameshawaambia saa nane, na hakuweza kwenda. Aliwataja mmoja mmoja. Binti alikwenda. Mmoja wao alikuwa yule mzee wa fimbo, na mnaweza kuwaza wenyewe jinsi salamu ile ilivyokuwa.

Kwenye kilio nilikaa karibu na mlango, mahali pangu pa siku zote, kati ya viatu. Watu walisema mambo yanayosemwa. Kwamba Mungu ametoa. Kwamba lilikuwa jambo la ghafla. Neno hilo, ghafla, lilipita kwa mdomo wa kila aliyesimama, na kila lilipopita nilihisi kama mtu ananikanyaga kidole. Jioni, watu walipopungua, binti yake alikuja kukusanya vikombe mahali nilipokuwa, na sijui nguvu ilitoka wapi, nilimwambia, nikimwita yaya kama tunavyowaita dada wakubwa: "Yaya, haikuwa ghafla. Mimi niliona. Tangu mvua. Nimeandika yote na sikumwambia." Nilifikiri atanipiga, na kwa kweli ningependa anipige. Aliweka vikombe chini. Alikaa kati ya viatu, karibu nami.

"Na mi niliona," alisema. "Ile kitambaa, nani alikuwa anaifula kila siku? Ni mimi. Kila siku nilikuwa naifula, naianika, namurudishia. Harufu yake iko bado kwa mikono." Alijifuta viganja kwenye kitenge. "Nilikuwa namwambia, mama, enda. Ananiambia, mbalamwezi. Namimi nasema, haya."

Kabla sijaondoka alinieleza kwamba daktari amemwambia naye apimwe, kwa sababu sukari inapita kwenye damu ya familia, na kwa sababu tangu azae mtoto wa mwisho anakunywa maji mengi na hayamtoshi. Nikamuuliza ataenda lini. Mnajua alivyojibu. Alijibu bila hata kujisikia, macho yake yakiwa kwenye vikombe: sasa uwanja ni wake, mitumbwi inatoka, mbalamwezi ikifika.

Nililala nalo. Alhamisi asubuhi nilishuka ufuoni na mfuko wangu wa vitabu. Yaya alikuwa ameinama kwenye nafasi ya mama yake, amefunga kitambaa cha msiba kichwani, na bamama wote walikuwa katikati ya kutandaza, saa ile mbaya kabisa ya kumsemesha mtu. Nilisimama mbele yake. Sikuongea polepole, kwa sababu najua sauti yangu ikianza polepole inakufa. Nilisema, na safu nzima ikasikia: "Yaya, twende leo, bengine batageuza ndagala."

Aliinua uso. Nilidhani ataniambia ningoje. Yule mama wa mwisho wa safu, aliyemwambia mzee achukue namba, ndiye aliyejibu kwanza: "Unangoja nini? Tuko kumi hapa. Tutageuza." Na mwingine: "Enda, we! Unataka tuimbe kwa kilio tena wiki hii?" Yaya alinawa mikono ziwani. Tukaenda kwa mguu mpaka disipanseri. Muuguzi alimtoboa kidole. Sukari imeanza kupanda, lakini mapema, alisema, bado ni ya chakula na vidonge, na arudi wiki ijayo, si mwezi ujao. Mimi niliingia shuleni saa tano, nikaandikwa kwenye daftari la waliochelewa, na kwa kuwa Prefe anasoma ubao huu kabla yenu, sasa anajua nilikuwa wapi.

Prefe aliomba somo juu ya kutumia wakati vizuri kazini, na somo nililo nalo ni hili. Mpeni kila kazi saa yake, kama alivyofanya yeye, na msimwonee haya mtu mnayemwambia angoje, mradi mtamwendea. Msimalizie mtu wa mbali jua lake. Lakini mambo ya mwili, wako au wa mwenzako, yasipewe siku ambayo kila mtu ameshaipa kazi nyingine. Na ukimwona mtu anaharibika taratibu mbele ya macho yako, usijifariji kwamba umeandika vizuri. Alhamisi, nikirudi kutoka disipanseri, nilihesabu maneno niliyomwambia binti yake. Ni sita. Mama yake aliketi nyumbani kwetu mchana mzima akiningoja niseme, mguu ameunyoosha mbele yangu, hana haraka, na muda ule ulitosha kwa maneno sita mara mia. Mimi ndiye niliyeuacha upite mtupu.